Mkimbizi kazini: saa za ziada, likizo ya uzazi na ubaguzi

Makala ya kusomwa redioni na katika vikundi vya wasikilizaji

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA CHINI YA SAUTI)

 Makala haya ni yako, wewe uliye Kakuma, Kalobeyei, Dadaab, na wewe unayetusikia kutoka makazi ya wakimbizi upande wa Uganda. Kama mko wengi kwenye redio moja, sogeeni karibu. Kama kuna mama anayepika huku anasikiliza, ongezeni sauti kidogo, kwa sababu ya leo yanamhusu.

Leo tunazungumzia haki za mtu akishapata kazi. Wengi wetu tunafanya kazi. Kuna anayeosha vyombo hotelini, anayeuza katika duka la mtu, anayelala nyumbani kwa tajiri akilea watoto wake, anayebeba mawe kwa mjenzi, na anayefundisha darasani kwa insentivu. Na wengi wetu, ukituuliza haki zetu kazini ni zipi, tunajibu: "Sisi ni wakimbizi, tutadai nini?"

Jibu hilo ndilo tunalotaka kulichunguza leo. Tutasimama zaidi Kenya, tuangalie sheria yake inasema nini kuhusu mambo matatu: kazi ya saa za ziada, likizo ya kupata mtoto, na ubaguzi kwa sababu mtu ni mwanamke au mwanamume. Mwishoni tutawagusia ndugu zetu walio Uganda. Chukua kalamu kama unayo. Kama huna, mwite mtoto wa shule akuandikie.

SHERIA INAMLINDA NANI?

Tuanze na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 41 kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini. Sikiliza vizuri neno hilo: kila mtu. Halikuandikwa "kila raia". Kifungu hicho kinaendelea kusema kwamba kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi, na kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Chini ya Katiba kuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Hiyo nayo inamzungumzia mfanyakazi, yaani mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Haiulizi kwanza ulizaliwa Bukavu, Bujumbura, Juba au Mogadishu.

Kisha ipo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Hii inasema mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kufanya kazi au biashara ya kujipatia kipato, peke yake au kwa kikundi. Kama ni taaluma, mfano uuguzi au ualimu, vyeti vyake lazima vikubaliwe na mamlaka husika ya Kenya.

Hapa pana jambo la karatasi, na hatutalificha. Kazi ya kuajiriwa huhitaji kibali cha kazi, na cha mkimbizi kinaitwa daraja M. Kibali hicho hakitozwi ada. Safari yake huanzia kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, ile tunayoiita DRS, na huhitaji barua ya mwajiri. Wengi wanafanya kazi bila hicho kibali, na baadhi ya mabosi wanalijua hilo na kulitumia kama fimbo: "Ukileta maneno nitakushtaki huna kibali." Ukitishwa hivyo, usikimbie na usimtukane mtu. Nenda kwanza kwa mwanasheria wa msaada wa bure. Tutafika huko.

Na insentivu je? Anayefanya kazi na shirika kambini mara nyingi halipwi kinachoitwa mshahara. Hulipwa insentivu, na kiasi chake ni kidogo kuliko cha Mkenya wa shirika hilo hilo. Malalamiko haya ni ya miaka mingi, na nyote mnayajua. Ushauri wetu ni huu: usiamini kwamba jina la malipo peke yake linafuta haki zako zote. Omba karatasi uliyosaini. Angalia imeandika saa ngapi za kazi, siku ngapi za mapumziko, na nini hutokea mtu akijifungua. Mashirika mengi yameandika mambo hayo, ila mfanyakazi hajawahi kuyasoma. Kama hayakuandikwa, peleka karatasi hiyo kwa mwanasheria aisome.

MKATABA NA KIBARUA

Kabla ya kufika kwenye saa za ziada, tuseme kidogo kuhusu mkataba, kwa sababu wengi hukwama hapo.

Kama kazi ni ya miezi mitatu au zaidi, sheria ya Kenya inataka mkataba wa maandishi. Anayepaswa kuuandika ni mwajiri, si wewe. Unaweza kusaini kwa jina au kwa dole gumba. Na sheria inaongeza jambo linalotufaa sana sisi: kama hujui kusoma, au mkataba umeandikwa kwa lugha usiyoielewa, mwajiri anatakiwa akuelezee kwa lugha unayoielewa. Kwa hiyo, mama, ukiwekewa karatasi ya Kiingereza mezani, usione aibu kusema: "Nisomewe kwa Kiswahili kwanza." Hilo ombi lina sheria nyuma yake.

Na kama bosi hakukuandikia kitu chochote? Watu wengi hufikiri hapo mambo yameisha, eti bila karatasi huna kesi. Sivyo. Kesi ikifika mbele ya hakimu, na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba alioupaswa kuuandika, ni juu yake kukanusha masharti unayodai mlikubaliana. Uzembe wake haukuangukii wewe.

Vibarua nao wasikilize. Kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na hana mkataba unaozidi saa ishirini na nne. Lakini ukiitwa kibarua huku umefanya kazi mfululizo kwa bosi mmoja kwa muda usiopungua mwezi mmoja, sheria inaihesabu kazi yako kuwa ya kulipwa kwa mwezi. Na ukipita miezi miwili mfululizo, unapaswa kupata masharti na haki ambazo angepata mfanyakazi aliyeandikiwa mkataba. Mtu hawezi kuitwa kibarua kwa miaka mitatu.

(MUZIKI MFUPI)

SAA ZA ZIADA

Sasa tuje kwenye saa za ziada, au kama wengi wanavyosema, ovataimu.

Chini ya amri ya jumla ya mishahara ya Kenya, wiki ya kawaida ya kazi ni saa 52, zilizogawanywa kwa siku sita. Kwa anayefanya kazi usiku ni saa 60. Sekta kadhaa, kama za ulinzi, ujenzi na kilimo, zina amri zake zenye saa zake, kwa hiyo uliza ya kwako. Lakini kwa kila mfanyakazi, awe wa dukani au wa nyumbani, sheria imeweka siku moja kamili ya mapumziko katika kila siku saba. Dada anayelala kwa tajiri wake naye ana siku hiyo. Kulala chini ya paa lake hakumfanyi awe kazini saa ishirini na nne.

Ukifanya kazi kupita saa za kawaida, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko au siku ya sikukuu ya taifa, kila saa inalipwa mara mbili.

Lakini analipwa mshahara wa mwezi, atajuaje saa moja yake ni shilingi ngapi? Amri hiyo hiyo imeweka njia: chukua mshahara wako wa mwezi, ugawe kwa 225. Andika namba hiyo ukutani kama inabidi. Mia mbili ishirini na tano.

Tufanye hesabu pamoja, mfano tu. Tuseme kaka mmoja anahudumu hotelini na analipwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Gawa 18,000 kwa 225, unapata shilingi 80. Hiyo ndiyo saa yake moja ya kawaida. Saa ya ziada ni 80 na nusu yake, yaani shilingi 120. Saa ya siku ya mapumziko au sikukuu ni shilingi 160.

Sasa kaka huyu anafungua hoteli saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Ni saa kumi kwa siku. Kwa siku sita ni saa 60. Ondoa 52, zimebaki 8 za ziada. Saa 8 mara shilingi 120 ni shilingi 960 kwa wiki. Kwa wiki nne ni shilingi 3,840. Haba na haba hujaza kibaba: kwa mwaka mzima, kibaba hicho kinapita shilingi 45,000, na chote kimebaki mfukoni mwa mwenye hoteli.

Bosi anaweza kusema, "Lakini nilikuwa nakupa chakula na chai." Chakula ni jambo zuri, tunamshukuru. Ila sahani ya wali haifuti saa ulizofanya. Bosi mwingine atasema, "Tulikubaliana tangu mwanzo hakuna ovataimu." Kiwango kilichowekwa na sheria ni cha chini kabisa. Mnaweza kukubaliana kilicho juu yake. Mkikubaliana kilicho chini yake, sheria haikitambui.

Kuna pia kikomo. Ukijumlisha saa za kawaida na za ziada, kwa wiki mbili hazipaswi kupita saa 116, na kwa wa usiku 144. Anayefanyishwa kazi kutoka alfajiri hadi usiku wa manane, siku saba kwa wiki, amevukishwa mpaka hata kama analipwa.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Saa zako ni mali. Nunua kidaftari kidogo. Kila siku andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, na kazi uliyofanya. Ukilipwa, andika kiasi na tarehe, na kama umelipwa kwa simu, usifute ujumbe ule. Andika siku hiyo hiyo. Usingoje hadi ugombane na bosi ndipo ukae chini kukumbuka ya mwaka mzima. Kidaftari kilichoandikwa siku kwa siku kina nguvu mbele ya afisa wa kazi kuliko maneno matupu.

(MUZIKI MFUPI)

LIKIZO YA KUPATA MTOTO

Ndugu msikilizaji, tuje kwa mama mjamzito.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira kinasema mwanamke aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Miezi mitatu, mshahara kamili. Likizo ikiisha, ana haki ya kurudi kwenye kazi ile ile aliyoiacha, au kazi nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo mabaya kuliko yale ya kwanza. Kumwambia, "Nafasi yako nimempa mwingine, wewe sasa utafagia," ni kuvunja sheria. Na likizo ya uzazi hailiwi kutoka kwenye likizo yako ya mwaka. Hizo ni likizo mbili tofauti.

Wewe mama una wajibu mmoja: kumwarifu mwajiri kwa maandishi, angalau siku saba kabla, ukimtajia siku utakayoanza likizo na kwamba utarudi kazini. Akitaka cheti, daktari au mkunga wa kliniki anaweza kukuandikia. Barua haihitaji maneno makubwa. Inatosha kuandika hivi:

"Mimi, fulani, naomba kuanza likizo yangu ya uzazi tarehe fulani. Nitarudi kazini tarehe fulani. Nimeambatanisha karatasi ya kliniki."

Andika nakala mbili. Moja mpe bosi, nyingine abaki nayo wewe, ikiwa na saini yake au tarehe aliyoipokea. Akikataa kusaini, ipige picha kwa simu na umtumie, ili ujumbe ule uwe shahidi.

Ukirudi kazini na bado unanyonyesha, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mwajiri akupe muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, hadi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi, na pawe na mahali pa faragha pa kufanyia hivyo. Wengi wetu hatukulijua hili, na matokeo yake ni watoto kuachishwa ziwa wakiwa na miezi miwili au mitatu.

Na wewe baba, usifikiri mazungumzo haya ni ya wanawake. Mke wako akijifungua, una haki ya wiki mbili za likizo kwa mshahara kamili. Wiki mbili hizo ni za kuteka maji, kupanga foleni ya chakula, kuwapeleka watoto wakubwa shule, na kumwacha mama apone. Hapa kambini, ambako bibi na shangazi wa kusaidia wengi wamebaki nyuma au wametawanyika, baba ndiye msaidizi wa karibu. Iombe likizo hiyo.

Mtoto akiugua baadaye itakuwaje? Sheria ya Ajira haikuweka likizo maalumu ya kumuuguza mtoto. Ndiyo maana usipuuze likizo yako ya mwaka: baada ya miezi kumi na miwili ya kazi, ni siku za kazi zisizopungua 21 zenye malipo. Ukiugua wewe mwenyewe, baada ya miezi miwili ya kazi una siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara katika kila mwaka, ukiwa na karatasi ya daktari.

UBAGUZI KAZINI

Sasa jambo la tatu, ubaguzi. Neno hili tunalijua kwa uchungu. Wengi tulikimbia makwetu kwa sababu yake. Lakini kazini huwa halipigi kelele. Huja kwa maneno ya upole.

"Dada, wewe bado msichana, utaolewa utuache. Kazi hii nampa kaka yako." "Unalipwa pungufu kwa sababu yeye ana familia ya kulisha." "Kabla sijakuajiri, niambie, una mimba?" Umewahi kuyasikia? Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia, mimba, rangi, lugha, dini, uraia, kabila, ulemavu, au hali ya virusi vya Ukimwi. Katazo hilo linaanza tangu wakati wa kuajiri, linaendelea kwenye mafunzo, kupandishwa cheo na malipo, hadi siku ya kuachishwa kazi.

Kifungu hicho kinasema pia kwamba kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Kama mwanamke na mwanamume wote wawili wanafundisha darasa la nne, kwa saa zile zile na kwa sifa zile zile, bosi hawezi kumlipa mmoja pungufu kwa sababu ya jinsia yake. Na mambo yakifika mahakamani, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wewe unaleta yaliyotokea. Yeye anaeleza kwa nini.

Tuseme na upande wa pili, ili usidanganyike. Si kila kukataliwa ni ubaguzi. Sheria inamruhusu mwajiri kumpendelea raia wakati wa kuajiri, kwa kufuata sera ya ajira ya taifa. Inaruhusu pia kuchagua mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe inaihitaji. Kliniki ikitafuta mkalimani mwanamke wa kukaa na akina mama wanaojifungua, hilo lina sababu yake. Jiulize swali hili: jambo alilolitaja bosi linahusu kazi, au linahusu tu mimi ni nani?

Kuna ubaguzi mwingine ambao ni mzito kuusema, na lazima tuuseme. Ni pale mtu anapoombwa mwili wake ili apewe kazi, asifukuzwe, au apandishwe cheo. Sheria ya Kenya inauita unyanyasaji wa kingono. Si lazima kuwe na kugusana. Maneno machafu, picha chafu na vitisho vimo humo pia. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi kuhusu jambo hili na kuwaeleza wafanyakazi wake njia ya kulalamika.

Kwa wale wanaofanya kazi za misaada, katazo ni kali zaidi. Tangu mwaka 2003, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alikataza mfanyakazi wa Umoja huo kubadilishana fedha, kazi, bidhaa au huduma kwa ngono, ikiwemo msaada ambao mkimbizi anastahili kupewa bure. Mashirika yanayofanya kazi na Umoja wa Mataifa yanabanwa na katazo hilo pia. Kwa hiyo, dada yangu, na wewe kaka pia kwa maana wavulana nao hutendewa, mtu akikuambia kazi ina bei ya namna hiyo, kosa ni lake na aibu ni yake. Nenda kwa ofisi ya ulinzi au kwa afisa wa malalamiko wa shirika lolote unaloliamini. Si lazima liwe lile analofanyia kazi mtu huyo.

(MUZIKI MFUPI)

NIKISEMA, NITAFUKUZWA?

Najua swali lililo moyoni mwako. "Haya yote ni mazuri, lakini nikisema, kesho sina kazi. Na nyuma ya mlango kuna watu ishirini wanaoingoja."

Hofu hiyo ni ya kweli, na hatutakuambia uitupe. Tutakuambia sheria inasema nini juu yake. Sheria ya Ajira imeorodhesha mambo ambayo hayawezi kuwa sababu halali ya kumfukuza mtu. Mimba imo. Kwenda likizo unayostahili imo. Jinsia na uraia vimo. Na kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri nako kumo, isipokuwa kama malalamiko hayo hayakuwa na msingi wowote. Ukifukuzwa kwa mojawapo ya hayo, kufukuzwa kwenyewe kunakuwa dai jipya juu ya lile la kwanza.

Basi hatua zifuate hivi.

Kwanza, daftari lako. Tumeshasema.

Pili, zungumza na bosi kwa adabu, siku ambayo hakuna hasira. Nenda na hesabu yako: "Mzee, mwezi huu nimefanya saa thelathini na mbili za ziada, naomba tuziangalie pamoja." Wako mabosi ambao hawakuijua sheria na watalipa. Ikiwezekana nendeni wawili au watatu mnaodai jambo moja.

Tatu, akikataa, andika barua na ubaki na nakala.

Nne, nenda kwa afisa wa kazi wa kaunti. Kwa walio Kakuma na Kalobeyei, makao makuu ya kaunti yako Lodwar. Kwa walio Dadaab, yako Garissa. Usisahau kuomba ruhusa ya kutoka kambini kabla ya kusafiri, ili dai moja lisikuzalie kesi nyingine.

Tano, tafuta mwanasheria wa bure. Shirika la Refugee Consortium of Kenya, linalojulikana kama RCK, limekuwa likiwasaidia wakimbizi kisheria kwa miaka mingi, kambini na mijini. Kwa walio Nairobi, Kituo cha Sheria nacho hupokea wakimbizi. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inamtaja mkimbizi kwa jina miongoni mwa wanaoweza kupata msaada huo kutoka serikalini.

Mambo yakishindikana kote huko, ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na mfanyakazi mwenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na hakimu aliyepewa kazi hiyo.

Angalia muda. Aliyefukuzwa isivyo haki anatakiwa kumfikishia afisa wa kazi malalamiko yake ndani ya miezi mitatu. Kesi ya mahakamani ina mwisho wa miaka mitatu, na baadhi ya madai yana muda mfupi zaidi. Usikae nalo.

Na neno la tahadhari: siku ya kuondoka kazini, usisaini karatasi inayosema "nimelipwa haki zangu zote" kabla hujasomewa na kuielewa. Watu wamepoteza madai ya miaka kwa saini ya dakika moja.

KWA WALIO UGANDA

Ndugu zetu wa Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na kwingineko, kwenu sheria ni nyingine ila njia inafanana. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kutafuta kazi. Sheria ya Ajira, nayo ya mwaka 2006, imeweka wiki ya saa 48. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, na ya sikukuu ni mara mbili. Mama ana siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye malipo kamili, na baba ana siku nne za kazi. Malalamiko huanzia kwa afisa wa kazi wa wilaya. Daftari ni lile lile.

(MUZIKI UNAANZA KUPANDA TARATIBU)

Ndugu msikilizaji, tumefika mwisho wa makala. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sheria tulizozisoma leo zimeandikwa kwa mnyonge mwenye kufanya kazi, na wewe umo ndani yake. Kesho ukiingia kazini, tazama saa, uiandike. Jioni ukitoka, uiandike tena. Anzia hapo.

 

(MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNAISHA)

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani kati yetu anafanya kazi zaidi ya saa 52 kwa wiki? Gawa mshahara wake kwa 225, kisha mfanye pamoja hesabu ya saa zake za ziada.

2. Katika kambi yetu, mwanamke akipata mimba akiwa kazini, kwa kawaida hutokea nini? Sheria inasema nini?

3. Baba akiomba wiki mbili za likizo mkewe akijifungua, jirani watasema nini? Tunaweza kuwajibu vipi?

4. Mtu akiombwa ngono ili apewe kazi, anaweza kwenda kwa nani hapa tulipo bila kuogopa? Tajeni mahali angalau pawili.

5. Nani katika kikundi anaweza kuwasaidia wasiojua kuandika kuweka daftari la saa zao?